Daraja Lisilo na Gundi

Nyumbani, 3 Februari

Mke wangu Msumari,

Mzigo umefika. Dereva wa basi aliushusha taratibu utadhani anashusha mgonjwa, na shangazi yako akaufungua kwa kisu cha vitunguu kwa sababu nilikataa patasi yangu iguse maboksi. Ndani tumekuta kompyuta yako ya zamani, waya chungu nzima, na kikaratasi chako: "Babu, humu kuna gemu ya kujenga. Cheza."

Cheza! Mimi niliyetengeneza milango ya nusu ya mtaa huu? Hata dawati ulilokalia shuleni lilitoka karakana hii, na badala ya kumsikiliza mwalimu ukawa unalichora ndege. Leo kwa kuwa upande wangu wa kulia umelala tangu yale maradhi ya mwaka jana, na ulimi umekuwa mzito mpaka simu nimeiacha, maana kila ninayezungumza naye ananijibu "eti?" au ananimalizia sentensi, basi nimegeuka mtoto wa kuchezeshwa kompyuta?

Daktari naye alinipa mpira wa kuminya, ili mkono wa kushoto ujifunze kazi za mwenzake. Nimempa paka.

Asante kwa mzigo, adabu ni adabu. Ila sichezi.

Babu yako,
Fundi

Msumari, hapa ni mimi shangazi yako. Yeye anatamka, mimi naandika, na akishamaliza naongeza yangu. Baba anashinda karakana kutwa nzima, randa mapajani, hafanyi lolote wala hasemi. Nimechoka kumwona vile. Kuna fundi cherehani anatafuta chumba, na nimemwambia Baba waziwazi kuwa mvua zikiisha karakana nampa huyo fundi, na benchi tutalitafutia pa kwenda. Aligeuza uso ukutani. Usinione mkatili. Nampeleka sebuleni, kwenye watu.

Shangazi


Chumbani kwangu, 11 Februari

Mume wangu Fundi,

Shikamoo. Na umrudishie daktari mpira wake, paka ana kazi zake.

Sikukutumia gemu ya kukimbizana wala ya kupigana. Hii haina kushinda wala kushindwa. Unapewa uwanja mtupu, mbao, chuma, kamba, magurudumu na mawe, kisha kila mtu na lake, na utakachojenga nitakiona huku kwa mtandao. Kinachokusumbua ni kimoja tu: kila kitu humo kina uzito wake. Ukikiachia kinaanguka. Ukikiegemeza vibaya kinalala. Gurudumu likiwa na pembe, gari linarukaruka. Hakuna wa kumbembeleza, Babu, sawasawa na karakana kwako.

Mimi nikitoka ghalani, miguu ikiwa imevimba kwa kupanga maboksi tangu asubuhi, najenga mashine za kuruka. Wiki iliyopita nilifunga roketi kwenye kitanda, nikamlaza ng'ombe juu yake. Nesi, ninayeishi naye chumba kimoja, alicheka mpaka akamwaga chai kwenye sare yake. Ng'ombe hajarudi hadi leo.

Sikuombi ng'ombe. Tengeneza kiti tu, kiti cha miguu minne. Kikisimama, mimi nitanyamaza na kompyuta utampa paka. Au unaogopa?

Mjukuu wako,
Msumari


Nyumbani, 22 Februari

Msumari,

Niogope nini? Kiti?

Kimeanguka. Cha kwanza kilianguka kifudifudi. Cha pili kilisimama kidogo, kikatetemeka, halafu kikaruka juu chenyewe kikaenda zake, na mpaka sasa sijui kimetua wapi. Pengine kimemfuata ng'ombe wako. Ardhi ya gemu yako imeinama. Nimeipima kwa kuviringisha jiwe, na jiwe likakaa palepale kwa ubishi tu.

Kipanya nakishika kwa mkono wa kushoto. Maisha yake yote mkono huu ulikuwa msaidizi, kazi yake kushikilia ubao wakati mwenzake anapata sifa. Mwanagenzi mzito sijapata kuona. Nikimwambia kulia anakwenda juu. Nimemtukana, nimemwomba radhi, tumeendelea.

Sasa nimeona pale pembeni pana gundi. Ukiibofya, ubao unanata kwenye ubao, basi, kazi imekwisha. Nani kaweka upuuzi huu? Ubao unaingia kwenye ubao: unatoboa tundu, unachonga ulimi, unapitisha kigingi, unakaza kwa kabari. Mimi situmii gundi na situmii misumari. Msumari pekee niliyemruhusu katika nyumba hii ni wewe, na wewe umenyooka kwa shida.

Kiti cha tano kimesimama. Kinayumba, lakini kimesimama, na nimekipandisha jiwe juu. Niandikie uniambie umekiona.

Babu yako,
Fundi

Msumari, kiti cha pili kiliporuka Baba alicheka. Kicheko kile cha kutikisa mabega. Nilikuwa jikoni, nikaacha maji yanachemka nikaja kusimama mlangoni. Sikumbuki mara ya mwisho. Ila ndiyo hivyo, chakula kinapoa mezani na yeye yuko karakana anagombana na kioo. Karakana ni ileile na uamuzi wangu ni uleule.

Shangazi


Chumbani kwangu, 1 Machi

Mume wangu,

Nimekiona, na nimemwonyesha kila anayepita. Msimamizi wa ghala amekiona wakati wa chai. Yule anayetuletea maji amekiona. Nawaambia, "Babu yangu kajenga hicho kwa mkono mmoja, na huo mmoja ni wa kushoto," halafu nawaachia wao waseme.

Lakini nimegundua kwa nini viti vyako vinayumba. Nimekisogelea mpaka kwenye maungio. Kila ulimi umeuacha mwembamba kidogo kuliko tundu lake. Najua ni kwa nini, kwa sababu nimekulia kwenye pumba za randa yako: unaacha nafasi ili ubao ukinyonya maji wakati wa mvua uvimbe bila kupasua mwenzake. Babu, huku mbao hazivimbi. Huku hakuna mvua! Nafasi unazoacha zinabaki nafasi, ndiyo maana kiti kinacheza dansi. Ziba tu, na kitatulia.

La pili. Kuna mashindano ya wachezaji wa gemu hii, watu wa kila pembe. Unajenga daraja juu ya korongo, linapita lori la mawe, kisha ardhi inatikiswa. Mimi nilijaribu mwaka juzi na mwaka jana na nikaishia korongoni. Wanaofuzu wote wanatumia gundi, tena nyingi. Nataka uingie. Kama hutaki gundi sawa, lakini nimekuambia mapema usije ukanuna.

Mjukuu wako,
Msumari


Nyumbani, 12 Machi

Msumari,

Umenifundisha kazi. Haya, shikamoo fundi.

Nafasi haizibwi. Ubao usiovimba si ubao, na kama waliotengeneza gemu hawajui, hilo ni tatizo lao. Siku watakapolirekebisha na kuleta mvua, daraja langu litakuwa tayari na yao yatapasuka.

Ndiyo, nimesema daraja langu. Limekwisha. Boriti nne ndefu zimevuka korongo, chini yake mihimili imepishana kama mikasi, na kila kiungo kina kigingi chake na kabari yake. Nilipoliangalia kwa mbali niliiacha hata chai ikapoa. Shangazi yako aliuliza kama naumwa. Nilikuwa nafurahi, bibi wee, nilisahau sura yake ikoje.

Nimefanya naye mapatano. Daraja likisimama kwenye mtikiso, karakana inabaki yangu na fundi cherehani atafute kwingine. Likianguka, nahamia sebuleni bila neno, na benchi mchukue. Mwanamke huyu amekubali haraka sana. Anadhani litaanguka.

Wewe ndiye mwenye ufunguo, ile namba ya siri ya kuliingiza mashindanoni. Liingize kama lilivyo.

Babu yako,
Fundi

Msumari, kikaratasi hiki nakiweka bila yeye kujua, kwa hiyo usikijibu. Sidhani tu kuwa litaanguka, najua. Likipitishiwa jiwe linalia. Nilikubali mapatano ili jambo liishe kwa amani, na sasa silali vizuri. Kila asubuhi ananyoa ndevu kwa mkono huohuo wa kushoto, anavaa shati la kazi, anakwenda kwenye ile kompyuta. Likimwanguka mbele ya watu wote hao sijui nitampata wapi tena. Wewe unayajua mambo haya. Kama kuna namna ya kumsaidia, msaidie. Heri nibaki na karakana yenye vumbi kuliko baba aliyekata tamaa.

Shangazi


Nyumbani, 27 Machi

Msumari,

Nimemwambia shangazi yako aandike kila neno bila kupunguza. Andika, mwanangu, andika hivyohivyo.

Daraja limeanguka. Umeona, dunia imeona. Lori lilipita vizuri, ardhi ikaanza kutikisika, na pale katikati pakakatika kwa mkupuo, kama biskuti. Sikulia. Nilimwambia shangazi yako amwite fundi cherehani wake.

Leo nimerudi kuangalia mabaki, maana fundi hata akishindwa hukagua. Nimeyasogelea maungio ya katikati moja baada ya jingine. Yana gundi. Nafasi zangu zote pale kati zimejazwa gundi! Sikuiweka mimi. Sijaigusa gundi ile hata kwa bahati mbaya.

Katika nyumba hii tuko wawili na paka. Paka simshuku. Shangazi yako ndiye aliyetaka karakana, na huwa anafuta vumbi kwenye ile kompyuta nikiwa nimelala mchana. Nimemuuliza mara tatu. Anasema hakugusa. Anasema hivyo huku macho chini. Andika, "macho chini." Anaandika.

Sijali kuanguka. Viti vyangu vinne vilianguka hapo nyuma, na nilicheka. Ila vile vilikuwa vyangu. Hiki kilichoanguka mbele ya watu, kikiwa na jina langu juu, hakikuwa kazi yangu. Hilo ndilo linaloniuma.

Babu yako,
Fundi

Sikugusa, Msumari. Unajua kwamba sikugusa.

Shangazi


Chumbani kwangu, 4 Aprili

Babu,

Shikamoo. Shangazi, soma kwa sauti, usiruke.

Gundi niliiweka mimi, kabla sijaliingiza mashindanoni. Shangazi hajagusa chochote. Aliniomba nikusaidie kwa sababu aliogopa kukuona umevunjika moyo, na mimi sikufikiria mara mbili. Nilikaa pale nikipaka kiungo kwa kiungo huku najiona mjukuu mwema kuliko wote duniani. Kumbe nakufanyia kile wanachokufanyia watu kwenye simu, wanakukatiza na kukumalizia sentensi. Nisamehe. Nimeona aibu mpaka Nesi ameniuliza kama nina homa.

Sasa sikiliza hili. Nimerudia kuangalia picha ya mtikiso polepole. Daraja lilianza kukatika pale nilipopaka, na si penginepo. Upande wako wa kushoto na wa kulia, ambako sikufika kwa sababu nilichoka, uliyumba, ukalia, ukarudi mahali pake. Ulikuwa mzima hadi katikati yangu ilipouvuta chini.

Walioanguka wanaruhusiwa kurudi mara moja, mwisho wa mwezi huu. Lakini nina habari mbaya. Nilipomaliza kupaka nilihifadhi juu ya kazi yako, kwa hiyo lile la asili halipo tena. Ukirudi, unaanza na uwanja mtupu.

Ufunguo nimeubadilisha. Upo kwenye karatasi ndogo ndani ya bahasha hii, na mimi sijaunakili. Safari hii utaliingiza mwenyewe.

Mjukuu wako,
Msumari


Chumbani kwangu, 29 Aprili

Mume wangu, Fundi wangu, na Shangazi pia,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza kwa kelele: LIMESIMAMA!

Mlikuwa mnaangalia huko, najua, lakini acha niwaambie tulivyoangalia huku. Nilimwomba msimamizi ruhusa akasema anataka kuja naye. Tulikaa watu sita juu ya kitanda changu, na Nesi aliacha kujiandaa kwenda zamu. Hatukujua kama umelimaliza, na kimya chenu cha wiki zote zile kilikuwa kinanitafuna. Halafu jina lako likatokea. Umeandika "Fundi" tu! Wenzio wamejiita Dubwana na Mfalme wa Vyuma na sijui Kimbunga, wewe Fundi.

Mbele yako yalitangulia madaraja ya gundi, yanang'aa, yamenyooka kama rula. Ardhi ikatikiswa, yakakatika moja baada ya jingine. Likaja la kwako. Lori lilipita. Mtikiso ulipoanza daraja zima likaanza kucheza, Babu, boriti zinakwenda huku, mihimili inakwenda kule, kabari zinagongana, na msimamizi akafumba macho. Mimi sikufumba. Mtikiso ukaongezwa, likazidi kuyumba. Ukaisha. Na lenyewe likatulia kidogo kidogo, kila ubao ukarudi kwenye tundu lake, likakaa. Chumba kizima kiliruka, na mbao mbili za chaga ya kitanda zimevunjika, utakuja kunitengenezea.

Hukuchukua nafasi ya kwanza, wamekupa ya tatu nyuma ya mawili mengine yaliyosimama, kwa sababu wanatoa alama kwa umaridadi na wao hawajui umaridadi. Lakini watu wanaandika chini ya daraja lako mpaka sasa. Wanataka kujua Fundi ni nani, na kwa nini hakutumia gundi. Nimewajibu wote kwamba ni babu yangu. Kwa nini nisiseme? Ningekuwa na kipaza sauti ningekwenda nacho barabarani.

Ila ukweli tuuseme, mbao hazikuvimba. Sababu uliyonipa haikuwa sababu. Nafasi zako zilisaidia kwa kuwa ziliacha daraja lipumue wakati wa mtikiso, na hilo hukulijua. Nasema hivi kwa heshima zote.

Shangazi, mbona hujaniandikia chochote? Mapatano ni mapatano. Karakana imekuwaje? Nijibu upesi, nina wasiwasi.

Mjukuu wako aliyevimba kichwa kwa ajili yako,
Msumari


Karakana, 9 Mei

Msumari,

Barua hii hakuiandika shangazi yako. Yuko sokoni. Ni mkono wa kushoto. Herufi zimelala huku na huku, na hii ni siku ya pili naandika. Vumilia, usome polepole.

Unasema nilikosea sababu. Sababu ni yangu na daraja ni langu. Walete mvua tuone.

Lile la pili nililijenga peke yangu. Shangazi yako alikuwa anakaa nyuma yangu, anamenya viazi. Kabari ikiteleza alikuwa anavuta pumzi. Nilimwomba radhi kwa kumshuku. Akasema yeye ndiye aliyeomba usaidizi. Nikamwambia basi tuko sawa, lete chai. Tuliongea siku ile kuliko mwaka mzima.

Siku ya mtikiso alinishika bega la kulia. Bega halisikii kitu, lakini nilijua amelishika. Daraja lilipotulia alitoka nje. Nilidhani amekasirika kwa ajili ya fundi cherehani. Alikuwa analia kwenye kamba ya nguo.

Usiniulize kama nimepona. Mkono wa kulia haujarudi na daktari anasema hautarudi. Msumeno bado ni kazi. Wiki hii nimetoboa tundu moja kwenye ubao wa kweli, kwa patasi, ubao nimeubana kwenye jiriwa. Limekwenda upande. Nimelitoboa tena. La tatu linafaa.

Nakuandikia hasa kwa ajili ya jambo la jana. Alikuja mama mmoja, mlango wake wa jikoni haufungi. Aliuliza pale nje kama fundi yupo. Tangu niugue wameuliza wengi, nami nawasikia kutoka humu ndani, na kila mara shangazi yako hujibu kuwa fundi hayupo, fundi anaumwa, jaribu barabara ya pili. Jana nilisikia mama akiuliza. Nikasimamisha patasi.

Shangazi yako akamwambia, "Yupo. Pita ndani, yuko kazini."

Babu yako,
Fundi